Nimewaona Rolling Stones kwa macho yangu!!

Jamani ndo natoka uwanja wa Soldier Field hapa Chicago saa hizi, sauti imekauka na masikio bado yanalia.

Hii bendi imeanza London 1962, baba alikuwa bado kitoto, na yeye ndo alinizoesha kanda zao tangu niko mdogo Tanga. Na Chicago ni kama kwao, maana jina lao walilitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters, mkongwe wa blues wa hapa Chicago, halafu 1964 wakaja kurekodi hapahapa studio za Chess.

Mwimbaji wao Mick Jagger ameshavuka miaka 80 na anakimbia jukwaa zima, anakata kiuno, anaimba, wala hahemi!

Lakini kilichonimaliza ni mikono ya mpiga gitaa wao, Keith Richards.

Kamera ikaisogelea, kwenye ile skrini kubwa unaona vifundo vya vidole vimevimba kwa uzee halafu vinatembea kwenye gitaa taratibu bila haraka, mwenyewe anatabasamu tu. Nikajikuta nalia, dada wa pembeni ambaye hata simjui akanishika bega.

Mpiga dramu wao Charlie Watts alitutoka 2021, kwenye dramu sasa yupo Steve Jordan na anazitendea haki kwelikweli.

Nyie je, mkongwe gani mlishamwona laivu mkatetemeka? Nambieni, leo silali.