Nilivyoiokoa rangi ya kiwandani ya Datsun 240Z ya baba mkubwa

Mama mkubwa alipofungua milango ya banda kule Nakuru, nilipitisha kiganja juu ya paa la gari. Kiganja kilitoka na unga wa pinki, kama wa mwalimu aliyefuta ubao. Gari lenyewe ni jekundu. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, na ule unga ulikuwa rangi yake ya kiwandani, imekauka juu juu kwa kukaa miaka 11 chini ya banda lililong'oka bati moja. Mahali jua lilipokuwa likipenya ungeweza kupachora kwa kidole: paa, mlango wa kushoto na nusu ya boneti vilikuwa vimepauka kabisa, lakini upande wa kulia, uliojibanza ukutani, ulikuwa bado mwekundu wa kukolea.

Walioiona Safari Rally ya enzi zile hawahitaji kuelezwa gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na Shekhar Mehta na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili kwa gari kama hilo hilo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, safari hiyo akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Zile za mashindano zilikuwa nyekundu zenye boneti nyeusi. Baba mkubwa alikuwa mmoja wa vijana waliosimama kando ya barabara ya udongo kuzishangilia, na alipopata lake, la mtumba, mwaka 1979, hakumruhusu mtu mwingine kuliosha mpaka alipofariki.

Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kumshauri mama mkubwa lipigwe msasa mpaka kwenye bati kisha lipulizwe rangi upya. Nilimwomba asubiri.

"Lakini mwanangu, si rangi imekufa?"

"Imekufa juu, mama. Chini bado iko hai."

Naamini hivyo kwa dhati. Rangi mpya inapulizwa siku yoyote, fedha zikipatikana. Ya kiwandani hupulizwa mara moja tu, na ikishakwanguliwa imekwenda. Tena rangi hiyo ndiyo shahidi wa bodi: inakuonyesha palipogongwa, palipochomelewa, na ambapo kutu haijawahi kufika. Gari la namna hii likipulizwa upya lote, shahidi huyo umemnyamazisha.

Kwanza nilitaka kujua ninashughulika na rangi ya aina gani. Nilitia tone la polishi kwenye kitambaa cheupe nikasugua sehemu iliyojificha, ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikawa chekundu. Maana yake hakuna klia. Magari ya siku hizi yana rangi, halafu juu yake klia inayoikinga. Hapa kila unachosugua ni rangi yenyewe. Kisha nikachukua kipimo cha unene. Paa lilisoma mikroni 92, mlango wa kulia 108, wa kushoto 84. Madigadi ya nyuma kushoto ikaruka hadi 460, nikajua hapo pana pati, ule mchanganyiko wa kujazia bati lililobonyea, na palishapulizwa zamani. Ukikumbuka kwamba unywele wa mtu ni kama mikroni 70, utaelewa kwa nini mikono yangu ilikuwa mizito kuigusa mashine ya kupigia polishi.

Boneti ilinitisha zaidi. Miaka ya nyuma gereji moja ilikuwa imeipiga kompaundi, ile polishi inayokwangua, kwa mashine ya mzunguko, na kwenye tuta la katikati rangi ikaisha. Mstari wa praima, rangi ya msingi ya kijivu iliyo chini ya nyekundu, urefu wa kama sentimita 20, ulikuwa umejitokeza. Kingo na matuta ndipo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine, na ndipo mashine hukandamiza zaidi. Fundi mwenye haraka huligundua hilo akiwa amekwisha kuharibu.

Kazi ilianza kwa maji. Vumbi la Nakuru ni laini mno, na ukilifuta likiwa kavu unalipiga gari msasa kwa mikono yako. Nililimwagia maji taratibu kwa mpira, bila presha, kwa sababu raba za madirisha zimekakamaa na chini ya kioo cha nyuma kutu imeanza kula. Ndoo mbili, moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia glavu. Baada ya hapo nikapitisha ule udongo laini wa kusafishia rangi, sehemu ndogo ndogo, huku nikinyunyiza maji ya shampuu. Udongo uliingia mweupe, ukatoka wa rangi ya matofali.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyookoa gari, na haikuhitaji umeme. Rangi ya zamani inapopigwa na jua hupoteza mafuta yake na tabaka la juu hugeuka vumbi. Ukiirukia na kompaundi, unalikwangua hilo vumbi pamoja na rangi nzima iliyo chini yake. Nilitumia Meguiar's namba 7, polishi ya zamani yenye mafuta mengi na isiyokwangua. Niliimimina bila ubahili kwenye taulo la pamba, lile lenye nyuzi za vitanzi, nikasugua paa kwa nguvu za mkono, kipande cha ukubwa wa sinia kwa wakati mmoja. Taulo lilitoka kama limechovywa kwenye mchuzi wa nyanya. Kisha nikapaka nyingine nene, nikaiacha ilale usiku kucha.

Asubuhi nilipofuta, paa lilikuwa limebadilika. Lilikuwa bado na mabaka, lakini ule upinki ulikuwa umezama na wekundu umepanda kutoka chini, mzito, kama ngozi iliyopakwa mafuta baada ya kiangazi. Nilirudia usiku wa pili, na mlango wa kushoto nikaupa usiku wa tatu.

Siku ya nne ndipo nikawasha mashine, ile inayotetemeka huku ikizunguka, kwa sponji laini na polishi nyepesi kabisa. Kingo zote na lile tuta la boneti nilizifunika kwa tepu ya karatasi. Hata hivyo nilikosea. Kwenye mkunjo wa mlango wa kushoto niliendelea na sponji iliyokwisha kulewa rangi, na nilipopima, 84 ilikuwa imeshuka hadi 77. Nikazima pale pale. Tangu hapo nilisafisha sponji kila baada ya kipande kimoja na kupima kabla na baada. Mikwaruzo mirefu miwili iliyobaki mlangoni nimeiacha, kwa sababu kuifuta kungenigharimu rangi ambayo gari hili halitapata tena.

Kwa ule mstari wa kijivu nilihitaji rangi ya kuugusia. Nissan, waliotengeneza Datsun, waliiita nyekundu hii namba 110, lakini namba ya kitabuni haijui miaka 50 imefanya nini. Nilifungua kifuniko cha tangi la mafuta, kilichoko ubavuni nyuma upande wa kulia, nikakipeleka Nairobi kwa mchanganya rangi wa Kirinyaga Road. Uso wake wa ndani haujawahi kuonja jua. Tulilinganisha uso wa ndani na wa nje, tukachanganya iliyo katikati, karibu zaidi na ya nje. Niliijaza kwa brashi nyembamba, matabaka manne, nikisubiri kila moja likauke. Ukiinama utaona. Ukisimama wima huoni.

Madigadi yenye pati sikuihangaikia. Rangi yake inaelekea machungwa na haitafanana na sehemu nyingine. Itafunguliwa tujue pati imeficha nini, na hiyo ni kazi ya fundi wa bodi.

Siku ya sita nilikuwa napaka nta ya kanauba mama mkubwa alipokuja na chai. Alizunguka gari mara mbili bila kusema neno, kisha akasimama kwenye mlango wa dereva. Chini ya tundu la ufunguo kuna mikwaruzo midogo iliyopinda kama nusu duara, mingi, imepandana: ni fungu la funguo za baba mkubwa lilivyokuwa likining'inia na kubembea kila alipofungua.

"Hii utaitoa?"

Nikamwambia inawezekana, rangi ya upande huu ni nene.

"Iache."

Nikapaka nta juu yake, kwa kidole.