Nilivyompata wa kubaki na mwanangu

Siku za likizo ya uzazi nilizihesabu vibaya. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa mama siku 84 zenye malipo, na mimi kichwani nilikuwa naziangalia kama siku 84 za kukaa na mtoto. Kumbe saa inaanza kugonga siku unayoondoka kazini. Miguu ilivimba, nikaondoka wiki mbili kabla, kwa hiyo binti yangu alipozaliwa nilikuwa nimebakiwa na wiki 10. Nikaunganisha na likizo ya mwaka, siku 28, zikawa wiki 14. Maana yake chanjo ya wiki ya 14 ikishachomwa, Jumatatu inayofuata natakiwa Kariakoo kwenye vitabu vya hesabu vya duka.

Tunakaa Kimara, kule ndani, ambako kutoka kituo cha mwendokasi bado unapanda bodaboda. Natoka saa 11 na nusu alfajiri. Baba mtoto ni fundi umeme, leo yuko nyumbani, kesho kapigiwa simu yuko Singida. Sasa nani anabaki na mtoto?

Jibu la kwanza la kila mtu lilikuwa mama mkwe. Nikampigia Korogwe. "Nitakuja, mwanangu, lakini mwezi mmoja tu. Baba yako huku hata jiko hajui linawashwaje." Akaja na mkungu wa ndizi, kuku wawili na vikombe vinne vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, ambavyo sikuelewa kwa nini kavibeba wakati hakuna mnywaji wa kahawa kwetu.

Nikaanza na dada wa kazi, kwa sababu ndiyo njia ninayoijua. Mama yangu alitulea kwa madada. Tukampata dalali, akachukua hela yake kabisa mwanzoni, siku tatu baadaye akaleta binti na mfuko wa salfeti. Nikamkaribisha chai.

"Una miaka mingapi, mdogo wangu?"

"Kumi na nane."

"Ulizaliwa mwaka gani?"

Akamtazama dalali. Dalali akatazama simu. Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi, akaweka kisu chini. "Huyu ni mtoto," akasema. "Naye anataka mtu wa kumlea."

Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Sijui kama huyo binti alikuwa ameifikisha, na kumbeba mtoto mchanga saa 12 kwa siku si kazi nyepesi, aliyewahi kulea anajua. Alilala kwetu usiku mmoja. Asubuhi baba mtoto akampeleka mwenyewe stendi ya Magufuli pale Mbezi, akamkatia tiketi, nauli ya mbele akampa mkononi mwake. Hela ya dalali haikurudi, na simu yake ikawa haipatikani. Ninachokiri ni kwamba usiku ule nilijaribu kujishawishi. Nilijiambia labda ni mfupi tu.

Ndipo tukaanza kuzunguka dei kea. Nyingi zinaanza na watoto wa miaka miwili, wanaojua kusema "nataka kukojoa". Waliokubali wa miezi mitatu walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa na ukuta wenye twiga na sungura, bembea mpya, sare za walezi, na bei ambayo ingekula karibu nusu ya mshahara wangu. Siku ya miadi nilipendezwa na kila kitu. Mama mkwe akasema kama ni harusi, kila mtu anapendeza siku ya harusi. Turudi siku wasiyotutegemea.

Tukarudi Alhamisi saa nne asubuhi. Wachanga walikuwa 11 kwenye chumba kimoja, wote wamelala. Wote. Televisheni inaongea peke yake, mlezi mmoja anachat. Nikauliza mbona wamelala kwa pamoja hivi. "Wetu tumewazoesha ratiba," akajibu. Mimi mwanangu mmoja tu ananishinda kumlaza, huyu kawalaza 11 saa nne asubuhi kama anazima swichi. Siwezi kusema walipewa kitu, sikuona chupa wala kijiko. Ila mjini tumesikia habari za dawa za mafua zinazosinziza, na mimi nilimgusa mmoja wao mguu, hata hakuuvuta. Tukaaga.

Baba mtoto ndiye aliyenisaidia hapo, kwa akili ambayo mimi sikuwa nayo. Alikwenda kijiweni kwa vijana wa bodaboda. Wale vijana ndio wanaopeleka na kurudisha watoto, wanajua nyumba ipi mtoto anatoka amelowa, ipi mama anagombana na mlezi getini, ipi geti linafungwa mtoto akiwa bado nje. Watatu kati ya watano wakamtajia mama mmoja, mtaa wa pili kutoka kwetu, anayelea nyumbani kwake. "Yule mkali," mmoja akaongeza. "Ukichelewa anakusema hadharani."

Tulifika kwake saa sita na nusu mchana, saa ya njaa na kilio, bila taarifa. Hakutukaribisha ndani. Alikuwa na mtoto kwenye beseni, mwingine analia nyuma ya kigeti cha mbao. "Subirini hapo, nimalize na huyu." Tukasimama juani kama wadaiwa. Alimfuta mtoto, akamvalisha nepi, akamweka kwa wenzake, halafu akaenda kwenye ndoo yenye koki akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Ndipo akachukua kibakuli cha uji wa yule anayelia. Sisi bado tuko juani. Mama mkwe akaninong'oneza, "Umeona mikono?"

Chumba cha watoto hakikuwa na kitanda. Magodoro matatu sakafuni, shuka safi zilizofifia. Nikawaza, hali ngumu. Watoto walikuwa watatu. Kibali je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kiwe na kibali, nami nilikuwa nimejiapiza sitakanyaga pasipo na karatasi. Akatoa bahasha. Afisa ustawi wa jamii alishamkagua, alimwagiza aweke kigeti na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Kigeti tulikiona. Ndoo watoto walikuwa wanaichezea. Kibali chenyewe kilikuwa bado njiani, na kesho yake nilikwenda ofisi ya kata kuuliza. Faili lake lipo. Kuna watakaonilaumu kwa kutosubiri karatasi ifike. Wana haki.

Kila mahali nilikuwa nauliza swali moja: ni kitu gani kibaya kimewahi kutokea hapa? Kule kwenye twiga na sungura waliniambia kwao hakujawahi kutokea tatizo lolote. Huyu akafikiri kidogo, akijipangusa mikono kwenye kanga.

"Mtoto alianguka kitandani. Nilitoka kuanua nguo, mvua ilikuwa inakuja, narudi yuko chini. Nikampigia mama yake palepale. Akaja kumchukua, hakumrudisha tena." Akanyoosha kidole kwenye magodoro. "Kitanda nikakiuza."

Njiani mama mkwe hakusema neno mpaka tulipofika kwetu. Halafu akauliza, "Anataka kiasi gani?" Sh 80,000 kwa mwezi, chakula juu yangu. Na sharti: saa kumi na moja jioni mtoto awe ameshachukuliwa.

Saa zikawa tatizo jipya. Mimi kazini natoka saa 11 kamili, na mwendokasi wa jioni kutoka Gerezani mnaujua. Nikarudi kwenye sheria. Kifungu kilekile cha 33 kinachotoa likizo kinampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Bosi akaniambia hajawahi kusikia kitu hicho, na nadhani alisema kweli. Nikampelekea nakala, nimepiga mstari. Ilichukua siku nne na sura ya kununa, tukakubaliana nitoke saa tisa.

Wiki ya mwisho ya likizo tuliifanya ya mazoezi. Siku ya kwanza saa moja, ya pili saa tatu, hivyo hivyo. Mimi nakaa nyumbani nakamua maziwa, nayaweka kwenye deli dogo lenye chupa za barafu. Vitabu vinasema maziwa ya mama yanakaa saa nne nje kwenye joto la chumba, lakini hicho chumba chao ni cha nyuzi 25. Chumba cha Dar mwezi wa pili ni kitu kingine kabisa.

Barafu ilifanya kazi. Mtoto ndiye aligoma. Chupa aliitema, akalia hadi sauti ikakauka, siku mbili mfululizo mlezi ananiita nirudi kunyonyesha. Siku ya tatu mama mkwe akatoa vikombe vyake vya kahawa, akavichemsha. Akamkalisha mtoto wima mapajani, ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, bila kumimina, akamwacha alambe mwenyewe kama paka. Nusu ya kwanza ilikwenda shingoni. Nusu ya pili aliinywa. Mlezi akaangalia mara moja tu, kesho yake akafanya mwenyewe. Vikombe viwili vikahamia kwake.

Nilimpa pia daftari la kuandika mchana umekwendaje. Akaniambia wazi, "Mama, mimi kuandika insha sina muda." Tukakubaliana alama: kistari kwa kikombe cha maziwa, duara kwa choo, mwezi kwa usingizi. Kuna siku ina vistari viwili tu na ndivyo alivyoandika, hakuongeza cha tatu kunifurahisha. Siku ile nilimnyonyesha palepale mlangoni kwake kabla hata ya kuvua mkoba.

Sasa binti ana miezi saba. Juzi nikafungua daftari nikakuta vistari vitatu, duara moja, mwezi mmoja, na chini yake alama ya msalaba ambayo hatukuwahi kuipanga. Moyo ukaruka. Nikamuuliza hii ni nini.

Akaninyoshea kidole cha shahada, kina vidoti viwili vyekundu. "Kaniuma," akasema. "Meno hayo, mama. Mawili, ya chini."