Mwa, Mwa, Mwa

Jana usiku nilijifunika shuka nikiwa na spika za masikioni, nikaurudia wimbo mmoja wa Mfaransa Jacques Dutronc hata nikaona haya mwenyewe. Ni "Et moi, et moi, et moi" wa mwaka 1966, ambao maneno yake yaliandikwa na Jacques Lanzmann. Gitaa linakwaruza, ngoma hazina mbwembwe, na sauti ya mwimbaji ni ya mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Ni roki ya gereji hasa, ule muziki wa vijana wa Marekani waliofanyia mazoezi kwenye gereji za wazazi wao, isipokuwa huu umeimbwa kwa Kifaransa, na kwangu mimi hapo ndipo utamu wake ulipo.

Kifaransa changu ni cha kuombea maji. Mara ya kwanza nilipousikia sikushika ila lile neno lenye maana ya "mimi", ambalo hutamkwa "mwa". Sikio lililolelewa kwa Kiswahili haliwezi kuliacha neno hilo likae peke yake, kwa kuwa limezoea ndani mwa, katikati mwa, pembezoni mwa. Kila alipolitamka nilisubiri jina lifuate, nalo halikufuata. Ilikuja "mwa" nyingine, kisha nyingine, kama mtu anayebisha hodi na kukataa kujitambulisha.

Nimejiuliza sana kwa nini Kifaransa kinapatana na muziki uliozaliwa kwa Kiingereza, na nadhani jibu limo katika mkazo. Kiingereza huikandamiza silabi moja ya neno na kuzimeza nyingine, kwa hiyo mwimbaji hupata mahali pa kupayukia. Sisi nasi tuna silabi yetu ya pili kutoka mwisho. Kifaransa huzipitisha silabi karibu sawasawa hadi mwisho wa kirai, na mkazo huangukia huko. Dutronc, akiwa hana pa kupayukia, anaongea tu, tena kwa dharau ya mtu asiye na haraka, huku bendi ikifanya fujo nyuma yake. Mfaransa mwenzake Ronnie Bird, aliyeimba "Elle m'attend" kwa tuni ya Rolling Stones mwaka 1965, ana makali zaidi, na bendi ya Les Sultans ya Saint-Hyacinthe kule Québec, Kanada, ni laini kuliko wote wawili. Nawapenda, ila siwarudii usiku.

Maana ya maneno niliitafuta baadaye. Mwimbaji anawahesabu watu wa dunia, Wachina milioni 700, Waindonesia milioni 80, na baada ya kila kundi anajirudia mwenyewe, na kijumba chake, kichwa kinachomuuma na ini linalomchoma. Watu weusi nasi tumo: milioni 300 au 400. Wachina wamepata hesabu yao, sisi tumekadiriwa, na mara tu baada ya kututaja anasema anakwenda mahali pa kuitia ngozi yake rangi. Nilicheka peke yangu gizani. Najua anayekejeliwa ni huyo mwanamume wa Paris asiyeona mbali zaidi ya ini lake, lakini ile "au" ilinikaa kooni, nikaurudisha wimbo nyuma niisikilize tena, na kitambo kidogo baada yake ikaja ile "mwa", nami nikajikuta bado nasubiri jina.