Ulimtazama?

Jumatatu usiku niliua buibui stoo, na mpaka leo Ijumaa hajanitoka.

Alikuwa ukutani nyuma ya mtungi wa gesi, bapa, mkubwa kama kiganja. Nilivua ndala nikampiga mara mbili. Alipoanguka, miguu yake ilikuwa imekumbatia kitu cheupe cha duara, kama sarafu ya shilingi mia. Mama mkwe akaja na kanga yake ya kulalia, akainama.

"Mwanangu, ulimtazama?"

"Nilimwona, mama."

"Kumwona umemwona. Nimekuuliza, ulimtazama?"

Hakuongeza neno. Akachukua fagio la chelewa, akamzoa taratibu, akaenda kumtupa nje mwenyewe. Mnajua tangu ahamie kwetu kutoka Pangani hajawahi kunipandishia sauti, na siku hiyo pia hakupandisha. Ndiyo maana linaniuma. Jumanne tumekaguliwa kazini, Jumatano wamekuja kumposa mdogo wangu nikapika pilau ya watu arobaini, na muda wote nalijibu swali lile lile kimoyomoyo. "Niliogopa, mama." "Watoto wanalala chini, mama." Halafu namsikia tena: nimekuuliza, ulimtazama?

Kile cheupe kilikuwa mfuko wa mayai. Nimesoma usiku kwenye simu. Jike huubeba chini ya mwili wake kila aendako, mpaka vitoto vitoke. Jina lake la kisayansi ni Heteropoda venatoria, na hilo la pili lina maana ya uwindaji. Hafumi utando wa kunasia; usiku hutoka kusaka mende, na ubapa ule humsaidia kupenya nyufani. Aking'ata panauma, lakini si wa kumuua mtu. Tangu utotoni nimeambiwa buibui asiuliwe, kwa ajili ya ule utando uliomsitiri Mtume pangoni. Huyu asiyefuma sikuwahi kumfikiria.

Jana usiku nikakuta mwingine, bafuni. Nikapindua ndoo, nikakaa. Kitindamimba wangu akaleta rula ya shule, akampima bila kumgusa: sentimita 11 kutoka mguu hadi mguu. Wa kahawia, na usoni, chini ya macho, ana utepe mweupe kama maziwa. Tulinyamaza muda mrefu. Mara mende akachomoza kwenye tundu la maji. Buibui sikumwona akiondoka pale ukutani. Nilimwona tu ameshamkamata. Mwanangu alinishika mkono kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikasikia kifua kimefunguka.

Nikaenda kumwita mama mkwe. "Njoo umtazame, mama!" Buibui alikuwa amesharudi ukutani na mende wake. Mama akasimama mlangoni, mkono begani kwa mjukuu. Ukuta mweupe, taa inawaka.

"Yuko wapi, mwanangu?"

"Huyo hapo, mama, juu ya bomba."

Akasogea mpaka karibu kabisa. "Yuko wapi?"

Sukari yake mnaijua. Kliniki ni tarehe 14 mwezi ujao, na sijui kama ni jambo la kungoja.