Viatu vya Theluji Kwenye Mchanga wa Raskazone

Kijana wa forodha pale uwanja wa ndege alivigeuza mara tatu, akaniuliza kama ni mitego ya kaa. Nikamwambia ni viatu. Jozi moja ya viatu vya theluji, nimevibeba kutoka Minnesota, Marekani, mpaka Makorora, Tanga, kwa ajili ya mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu.

Ana miaka 24 na ana ulemavu wa akili. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu mtaani ameitwa majina mengine yote, na nilipokuwa mtoto niliyasikia nikanyamaza. Shule alipelekwa, akarudishwa baada ya wiki mbili. Tangu hapo dunia yake ikawa ua wa nyumbani: kuteka maji, kuchambua mchele na mama, na wageni wakibisha hodi, aingie chumbani.

Huko Minnesota kazi yangu, kama ilivyo kwa Waafrika Mashariki wengi niliowakuta, ni kuwahudumia watu wenye ulemavu katika nyumba wanamoishi wanne wanne. Mmoja wao ni mkimbiaji. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa nimpeleke kwenye mbio za theluji. Nilidhani ni siku ya kuwafurahisha tu, wapigiwe makofi, wapewe biskuti, turudi. Nilikosea sana.

Kiatu chenyewe ni fremu ya alumini iliyowambwa katikati, unakifunga kwa mikanda juu ya kiatu chako cha kawaida. Kinatawanya uzito wa mwili usizame, na chini yake kuna meno ya chuma ya kung'ata barafu. Kisigino kinabaki huru. Ukijisahau ukakanyaga fremu ya mguu wa pili, uko chini. Kwa hiyo mkimbiaji hutanua hatua kidogo, hunyanyua magoti, na theluji inamrukia mpaka mgongoni. Zipo mbio za mita 25 na 50, zipo za 100 na 400, na wenye pumzi huenda hata kilomita 10.

Kilichonishika zaidi ni namna wanavyopangwa. Kwanza kuna mchujo, muda wa kila mmoja unaandikwa. Kisha mtu anawekwa na wa jinsia yake, wa umri wa karibu naye, na zaidi ya yote wa kasi yake. Hulengwa tofauti ya wa kwanza na wa mwisho isizidi asilimia 15 hivi. Basi hata fainali ya wanaokwenda polepole kabisa ni fainali ya kweli, huwezi kujua nani atafika mbele. Na ukijivuta makusudi kwenye mchujo ili uangukie kundi rahisi, unaweza kuondolewa mashindanoni. Sheria hiyo ilinigusa kuliko zote. Nyumbani hakuna aliyewahi kumshuku mdogo wangu kwamba anajivuta. Hatukuwahi kumdai chochote.

Siku ile, katikati ya mita 100, mkanda wa yule mkimbiaji ulifunguka. Nikachomoka nikamsaidie, kocha akanishika bega: muache. Akapiga goti, akahangaika na mkanda kwa glavu zake nene, akaufunga, akainuka, akamaliza wa nne. Wa kwanza mpaka wa tatu hupewa medali, wanaofuata utepe. Njia nzima ya kurudi alikuwa amenuna, na nilipojaribu kumbembeleza aliniuliza kitu kimoja tu: mazoezi ni lini?

Yote haya nilimsimulia mama juzi barazani. Akauliza, "Na haya mambo nani aliyaanzisha, mwanangu?" Nikamwambia ni Eunice Kennedy Shriver, dada wa John F. Kennedy, aliyekuwa rais wa Marekani. Mwaka 1962 alifungua kambi ya michezo nyumbani kwake Maryland kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1968 yakafanyika mashindano ya kwanza ya Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, huko Chicago, na ya kwanza ya majira ya baridi yakawa 1977, Steamboat Springs, Colorado. Tanzania nayo imo siku hizi. Dada mkubwa wa Eunice, Rosemary, ndiye aliyekuwa na ulemavu huo, na familia ilimweka mbali na macho ya watu kwa miaka mingi.

Mama alinyamaza kitambo. "Hata wao walificha?"

"Hata wao, mama."

Hakusema zaidi. Lakini jana asubuhi, nilipoanza kufunga viatu kwenye mfuko, nilimkuta kishajitanda leso mbili, anamhimiza mdogo wangu avae upesi.

Ilikuwa bamvua, maji yamepwa mbali, Raskazone imebaki mchanga mtupu. Nchi zisizo na theluji wanamichezo hujifunzia mchangani, na mchanga laini unafanana nayo kwa kumeza mguu. Nikamfunga mikanda mguu wa kulia. Wa kushoto nikamwachia. Ilichukua muda mrefu, na watoto walishaanza kukusanyika. Nilitaka kuinama. Sikuinama.

Akakimbia. Hatua ya saba hivi akakanyaga fremu yake, akaanguka kifudifudi. Mama alipiga ukelele. Yeye akajipangusa mchanga mdomoni, akatazama miguu yake kama anaihesabu, akaanza upya huku ametanua hatua, bila mtu kumwelekeza. Alikwenda mpaka kwenye ngalawa iliyokwama, akaigusa, akarudi. Nikamsomea muda wake kwenye simu. Akasema, "Tena." Akarudia mara nne, na mara ya nne alipunguza sekunde 6.

Tulipokuwa tunavua viatu, mama alimsogelea mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza nyavu.

"Shikamoo kaka. Eti kesho maji yatapwa saa ngapi?"

"Marahaba. Saa tano kasorobo."

"Basi tutakuja na huyu mwanangu."