Siku moja maishani mwangu: kuiwekea pikapu ya 1965 breki za diski

Saa 1:00 asubuhi

Pikapu ya leo ni Chevrolet C10 ya 1965, injini ya silinda sita, breki za dramu magurudumu yote manne. Mwenyewe ni mzee mstaafu anayeipenda kama alivyoikuta, na ombi lake ni moja tu: "Mwanangu, nikikanyaga, isimame."

Namwelewa. Kwenye mteremko mrefu dramu, lile pipa la chuma linalozunguka na gurudumu, hupata moto, chuma kinatanuka na kuzikimbia shuu zinazolisugua kwa ndani, pedeli inazidi kuzama. Ukivuka maji, breki zinapotea kwa muda au gurudumu moja linashika kabla ya mwenzake, usukani ukavuta upande. Diski ni sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili; iko wazi, inapigwa na upepo, na maji yanarushwa nje inapozunguka. Chevrolet wenyewe walifanya diski za mbele kuwa za kawaida kwenye pikapu hizi mwaka 1971, kwa hiyo gari hili tunalisogeza mbele miaka michache tu.

Saa 2:00

Matairi ya nyuma yamewekewa vizuizi, mbele imepanda jeki na kukaa juu ya stendi. Dramu zinatoka, shuu, silinda za magurudumu, mpaka zile sahani za nyuma. Vumbi silipulizi kwa kompresa. Shuu za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, kwa hiyo tunalilowesha kwanza, kisha tunalifuta kwa kitambaa cha kutupa. Spindo, yaani mihimili ambayo magurudumu ya mbele huzungukia, nazisafisha na kuzikagua kwa tochi, hasa pale shinani. Ikionekana alama ya ufa, kazi inasimama hapo hapo.

Saa 3:30

Mabano ya kushikia kalipa (koleo linalobana pedi kwenye diski) yanafungwa kwenye matundu ya bolti za zamani, yanakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ingewezekana kuchukua vifaa vya C10 za 1971 na 1972, lakini hizo zina bolti tano za gurudumu, na mzee anataka kubaki na rimu zake za bolti sita. Tumechagua seti inayotumia spindo zake mwenyewe.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Zinaoshwa mpaka kitambaa kitoke safi. Beringi zinajazwa grisi mpaka itokeze upande wa pili. Nati naikaza huku nikizungusha diski, nailegeza, naikaza tena kwa vidole, halafu pini.

Saa 5:00

Kalipa zimeingia. Nipo makini na jambo moja: nati ya kutolea upepo lazima iwe juu. Ukibadilisha ya kulia na ya kushoto zinafunga vizuri kabisa, ila nati inakuwa chini, hewa inabaki juu ya kalipa, na unaweza kukanyaga pedeli mchana kutwa bila kuipata ngumu. Kisha navalisha rimu na kuizungusha kwa mkono. Za inchi 15 si zote zinazopita juu ya kalipa. Hizi zimepita.

Saa 6:00 mchana

Sasa tumefika kwenye moyo wa kazi. Watu huhesabu diski na kalipa wakadhani wamemaliza, wakaiacha master silinda ya zamani, ile pampu ya pedeli inayosukuma mafuta ya breki. Master ya gari hili ina chumba kimoja: bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Chevrolet walihamia ya vyumba viwili kwenye pikapu zao mwaka 1967, na hata nisingeweka diski, hiyo ningeibadilisha. Pia pistoni ya kalipa ni kubwa na inatoka zaidi kadiri pedi zinavyolika, kwa hiyo chumba cha mbele kinahitaji akiba kubwa ya mafuta.

Halafu kuna ile valvu ndogo ya kubakiza presha. Dramu zinaitaka, kama psi 10 (paundi 10 kwa inchi mraba), ili sili za silinda zibaki zimebana. Ikibaki kwenye njia ya diski, pedi hazitaachia kamwe. Zitasugua mpaka zinuke. Naifungua master mpya na kuhakikisha njia ya mbele haina.

Diski haijivuti yenyewe kama shuu za dramu, inataka presha kubwa, ndiyo maana tunaweka busta, kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini (vakyumu) kuongezea mguu nguvu. Kabla ya hapo nimepima vakyumu injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta: inchi 18 za zebaki, inatosha. Kati ya fimbo ya busta na pistoni ya master naacha nafasi ndogo sana. Isipokuwepo, pistoni hairudi yote, mafuta yanafungiwa ndani, na breki zinajishika zenyewe barabarani.

Saa 8:30

Mabomba. Ya chuma, midomo imekunjwa mara mbili. Bomba la shaba la friji halikai kwenye breki za gari langu wala la mtu.

Mwisho wa mabomba inakaa valvu ya kugawa presha. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele, na pikapu tupu nyuma haina kitu. Bila valvu hiyo, matairi ya nyuma yanajifunga kwanza na gari linageuka. Valvu hiyo hiyo inazichelewesha diski kidogo mpaka springi za shuu za nyuma zishindwe, ili ekseli zote mbili zianze pamoja.

Saa 9:30

Master ilishatolewa upepo mezani. Sasa magurudumu: la mbali kwanza, nyuma kulia, nyuma kushoto, kisha mbele.

"Kanyaga!"

"Nimeshika, fundi."

"Usiachie mpaka niseme."

Mafuta ya breki ni ya daraja la DOT 4, kopo jipya.

Saa 11:00 jioni

Barabara iliyonyooka, haina watu. Naanza polepole, kisha kutoka kilomita 50 kwa saa hadi kama 10, bila kusimama kabisa, narudia, naacha zipoe. Pedi na diski zinazoeana. Usukani haukuvuta upande wowote.

Mzee ameijaribu mwenyewe, akarudi anauliza kama na nyuma tuweke diski. "Hapana, mzee. Dramu za nyuma ziko sawa, na breki yako ya mkono imo humo humo. Rudi wiki ijayo nikaze nati za magurudumu na kuangalia kama kuna kiungio kinachovuja."