Mtoto wa kitabuni na kofia yake

Leo darasa la pili hapa Newala tumesoma kitabu cha picha chenye binti mwenye ualbino, kofia pana kichwani, anacheza rede na wenzake. Nilijiandaa kwa maswali ya ngozi. Wapi! Walianza kubishana kama mpira umempata au haujampata. Ndipo mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona baba na mama yake weusi?" Nikawaeleza: ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili, hata wasipokuwa nao, ngozi hukosa melanini, ile inayoipa rangi, jua linaiunguza, ndiyo maana ya kofia na mikono mirefu. (Habari za kwamba ualbino ni mkosi wanazisikia majumbani, najua.) Shida nakala ni moja, watoto wamebanana kama dagaa. Mwenye kitabu kingine cha namna hii, cha Kiswahili, anishtue.